Thieta ya Bohari ya Ngozi

Kabla halijawa thieta, jengo lile lilikuwa bohari ya ngozi. Mfanyabiashara aliyelimiliki alikuwa akinunua ngozi za mbuzi na ng'ombe kutoka Ijara mpaka Wajir, akizitia chumvi na kuzipanga humo hadi karibu na bati, zikisubiri malori ya kwenda pwani. Vita vilipoanza barabara ikawa haipitiki ila kwa msafara wa askari, naye akafunga mlango kwa kufuli akaenda zake. Serikali ikavunja kufuli. Jengo likakaa wazi kiangazi kizima, na bado ukipita mbele yake ulilazimika kuziba pua kwa mtandio.

Mimi nilikuwa naishi nyuma yake pamoja na mume wangu, dereva wa lori, na bibi yangu mzaa mama, ambaye kwetu Wasomali tunamwita ayeyo. Nilikuwa na cherehani ya mkono. Ushonaji na Kiswahili nilivipata mahali pamoja, kwa jirani yetu mmoja, mwanamke wa Lamu aliyeolewa Garissa, ambaye hakuvumilia kosa katika mshono wala katika ngeli. Kwa hiyo nilikuwa mtu adimu pale mjini: mwanamke wa Kisomali anayeweza kuzungumza na ofisi bila ofisi kucheka. Nilidhani hiyo ni bahati.

Asiyejua miaka ile na ajue hivi. Kenya ilipopata uhuru, wengi wa kwetu walitaka kujiunga na ndugu zao wa Somalia, ng'ambo ya mpaka. Serikali mpya ikakataa. Vijana wenye bunduki wakaingia porini, serikali ikawaita shifta, yaani majambazi, kisha ikaanza kutuangalia sisi tuliobaki ili ijue nani ni binamu wa nani. Sote tulikuwa mabinamu. Ikaja hali ya hatari, ikaja kafyu, ikaja amri kwamba watu wasikusanyike bila kibali. Halafu askari wakapita vichakani wakiwakusanya wafugaji kwa nguvu, wakawatia katika vijiji vilivyozungushiwa miiba na walinzi. Ayeyo aliisikiliza ile habari mpaka mwisho, akauliza, "Yaani tumekatazwa kukusanyika, na adhabu yake ni kukusanywa?"

Ndipo akaletwa Bwana Afisa wa Habari. Alishuka kwenye Landrova akiwa amevaa tai, katika joto ambalo hata mbuzi walikuwa wakitafuta kivuli cha waya. Kazi aliyotumwa ilikuwa kutupendekezea serikali kwa njia ya maigizo. Alikuwa na picha aliyoikata gazetini ya jumba kubwa la thieta la jijini, nayo alimwonyesha kila mtu, hata wazee waliodhani ni picha ya hospitali wakaiombea dua.

Alinijia uani siku ya pili.

"Dada, nimeambiwa wewe ndiye fundi. Nataka pazia."

"La dirisha?"

"La jukwaa. Thieta bila pazia ni baraza."

"Na baraza lina ubaya gani?"

"Barazani watu hulala," alisema kwa uchungu. "Pazia ndilo linalowaamsha. Likifunguka, hata mtu aliyelazimishwa kuja hutaka kujua kuna nini."

Alitaka mahameli nyekundu, pima arobaini. Garissa nzima wakati ule haikuwa na mahameli ya kutosha kufunika mto wa kulalia. Nikamwambia aombe maturubai kambini. Kambini wakamwambia turubai ni zana ya vita. Mwisho tulipata mifuko ya kitambaa iliyokuja na unga wa msaada, nami nikaifumua na kuiunganisha mmoja baada ya mwingine, huku yeye amekaa juu ya kinu kilichopasuka akinisimulia habari za lile jumba la jijini.

Wazungu, alisema, walilijenga kwa ajili yao. Viti vyekundu, taa kama zabibu zinazoning'inia, na mlango wa mbele ambao Mwafrika aliupita akiwa na kitambaa cha kung'arishia vishikizo tu. Yeye alikuwa mfagizi wa nyuma ya jukwaa. Alizijua tamthilia zote kwa mgongo, maana alizisikia akiwa amewapa waigizaji kisogo, akifagia. Ulipokuja uhuru milango ikafunguliwa kwa kila mtu, na kila mtu akakuta ndani kuna mchezo uleule, Kiingereza kilekile, na tiketi ya bei ileile. Siku moja mkubwa fulani akauliza ni nani kati ya wafanyakazi anayejua mambo ya thieta. Yeye alijua kamba ya pazia iko wapi. Wakamfanya afisa.

"Na hapa utawafungulia milango akina nani?" nilimuuliza.

"Kila mtu," akasema, na macho yake yalikuwa ya mtu mkweli. Hapo ndipo nilipoanza kumhurumia.

Weupe wa mifuko haukumpendeza. Ayeyo akajitolea kutia rangi. Alichemsha hina kwenye pipa kwa siku mbili, tukalichovya pazia kipande baada ya kipande, tukalianika juu ya miiba. Lilitoka na rangi ya ndevu za mzee aliyerudi kuhiji. Lakini hina haikufuta maandishi. Lilipopigwa na jua ungeweza kusoma, mahali zaidi ya ishirini, maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba kitu hiki ni msaada na hakiuzwi. Bwana Afisa alilitazama sana, kisha akasema wanaojua kusoma watakaa mbali. Watu wakaanza kumwita Bwana Pazia, ambalo kwa ndimi zetu lilitoka "Bwana Bazia". Hakuchukia. Nafikiri jijini hakuwahi kupewa jina lolote.

Kisha kulikuwa na mchezo wenyewe, alioutunga yeye. Mfugaji anadanganywa na shifta, anaacha mifugo yake, anateseka, anarudi kwa serikali akilia, na serikali inamsamehe na kumpa jembe.

"Jembe?" ayeyo aliniuliza nilipomtafsiria. "La kumzikia nani?"

Tatizo kubwa likawa kumpata wa kuigiza shifta. Hapakuwa na mwanamume wa Kisomali mwenye akili timamu ambaye angekubali. Ukiigiza vibaya, utachekwa. Ukiigiza vizuri, utaulizwa ulijifunzia wapi. Hatimaye polisi wakamtoa mtu wao, koplo mmoja wa kutoka upande wa ziwa, mkubwa kama kabati, mwenye sauti ya kwaya. Nilimshonea kikoi na kumfunga kilemba. Alipojitazama kwenye kioo changu cha ukutani alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mfugaji aliigizwa na karani wa maji, na bunduki ilikuwa ya mbao, imepakwa masizi.

Kibali nacho kilikuwa tamthilia nyingine. Kituoni walitaka orodha ya majina ya wote watakaohudhuria.

"Nitawajuaje kabla hawajaja?" akauliza Bwana Afisa.

"Usipowajua, wasije," wakamjibu.

Basi watazamaji wakachaguliwa na walinzi wa kijiji cha miiba, wakaandikwa, wakapangwa wawili wawili na kuletwa mjini kwa miguu. Kwa sababu ya kafyu na joto, mchezo ulipangwa saa mbili asubuhi. Mlangoni kila mwanamume alinyang'anywa fimbo yake ya kuchungia, maana fimbo ni silaha, na lile rundo la fimbo likawa kubwa kiasi kwamba askari wawili waliwekwa kulilinda. Wanawake walichoma unsi, ule ubani wetu wa harusini, ili kupambana na harufu ya ngozi. Harufu mbili zikapigana mle ndani, hakuna iliyoshinda. Mimi nilisimama kando ya jukwaa kutafsiri, kwa kuwa mkalimani wa ofisi alikuwa ametiwa ndani wiki hiyo kwa kutafsiri kitu kwa usahihi.

Bwana Afisa akavuta kamba mwenyewe. Pazia likafunguka, na kwa kweli, watu waliolazimishwa kuja wakanyoosha shingo.

Karani wa maji akalia juu ya mifugo yake. Koplo akaingia na bunduki yake ya mbao akinguruma, "Njoo porini! Serikali haikupendi!" kwa lafudhi ambayo haikupata kusikika katika pori lolote la kwetu. Watu wakaanza kucheka chini chini. Sasa, nje kulikuwa na kikosi cha wanajeshi kilichofika asubuhi ileile, ambao hakuna aliyewaambia habari za thieta. Mmoja wao akapita mlangoni, akatupa jicho ndani, akaona kilemba, kikoi na bunduki. Kufumba na kufumbua, wanne walikuwa jukwaani.

"Lala chini!"

"Mimi ni polisi!" akapiga kelele koplo.

"Shifta wote husema hivyo!"

"Kitambulisho changu kiko kwenye suruali!"

"Suruali iko wapi?"

"Nyuma ya pazia!"

Hilo halikumsaidia. Wakamlaza, wakamfunga mikono kwa kilemba chake, wakamtoa nje na kumpigisha magoti juani. Bwana Afisa alikimbia huku na huku akipunga karatasi za mchezo, na askari mmoja akazichukua kuwa ushahidi. Ukumbi ulikuwa umejaa watu ambao kila mmoja alikuwa na baba, kaka au mume aliyelazwa chini namna ileile. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Kisha mwanamke mmoja akapiga vigelegele, wengine wakapokea, wanaume wakasimama. Sijaona tena watazamaji walioridhika kama wale. Mzee mmoja aliniambia ameishangaa serikali kwa ujasiri wa kujionyesha ilivyo.

Ayeyo akainuka. Mashairi ya wanawake wa Kisomali tunayaita buranburi, na ayeyo alikuwa akitafutwa kwa hayo mpaka Wajir. Kwetu ukiona jambo la kujibiwa, unalijibu palepale. Alipiga makofi mara tatu, wanawake wakashika mdundo, akasema:

"Niliona mwizi akimkamata mwizi,
nikawauliza, ngamia wangu yuko wapi?
Wote wawili wakanionyesha jembe."

Ukumbi ukalipuka. Bwana Afisa alirudi ndani akihema, tai imezunguka mpaka mgongoni.

"Anasema nini bibi?"

Watu zaidi ya mia walikuwa wakinitazama, na nusu yao walijua Kiswahili cha kutosha kunisikia.

"Anasema jembe limemfurahisha," nikajibu.

Akaliandika.

Koplo alikaa siku mbili mahabusu pamoja na Wasomali halisi kabla ya mkubwa wake kurudi safarini na kumtambua. Alinijia uani kuchukua suruali yake. Jicho moja lilikuwa limefumba, na alikalia mkeka polepole, kama mtu anayekalia mayai.

"Mama," akaniambia, "niliwaambia mimi ni polisi, nikawaambia niulizeni lolote. Hawakutaka kusikia."

"Pole sana."

"Wakasema shifta wote husema hivyo." Alipuliza chai. "Na mimi mwenyewe huwa nasema hivyohivyo."

Tangu siku ile, ukifika kwenye kizuizi chake barabarani, alikuacha umalize sentensi. Inaweza kuonekana jambo dogo. Wenye lori waliulizana zamu yake ni lini.

Ripoti ya Bwana Afisa ilikwenda jijini, nayo ikajibiwa haraka. Wakubwa walifurahi kusikia kwamba wananchi walishangilia kukamatwa kwa shifta kwa vigelegele. Wakaagiza mchezo urudiwe kila wiki, na lile tukio la kukamatwa lisiondolewe. Koplo akasema afadhali afukuzwe kazi. Karani wa maji akaugua. Wiki mbili tukawa na thieta isiyo na waigizaji, na Bwana Afisa akifungua na kufunga pazia peke yake ili kamba isikauke.

Hapo ndipo watu wa usalama walipoliona lile pazia.

Aliyekuja kwangu safari hii hakuwa na tai. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema wameazima ukumbi kwa shughuli ya siku chache.

"Tutobolee matundu mawili," akasema. "Usawa wa macho ya mtu aliyeketi."

Nilielewa. Mtu mzima yeyote wa Garissa angeelewa. Nilikuwa na nafasi ya kusema mkono unauma au sindano imevunjika. Nikasema nitajaribu. Tena nilifanya zaidi ya nilichoombwa, na hilo ndilo ninalolikumbuka kwa aibu zaidi: niliyapinda yale matundu. Kitambaa kile kilikuwa chepesi kufumuka, na yule mwanamke wa Lamu alinifundisha kwamba tundu lisilopindwa ni uvivu. Nikayapinda kwa uzi wa rangi ya hina, mshono mdogo mdogo, mpaka ukisimama mbele huyaoni.

Asubuhi iliyofuata wanaume wote wa mtaa wetu walipangwa foleni, wakapitishwa ukumbini mmoja mmoja mbele ya pazia. Nyuma yake alikaa mtu. Akigonga ubao mara moja, unapita. Akigonga mara mbili, unawekwa kando. Mimi nilisimamishwa pale kutafsiri maswali. Mume wangu alipofika, alinitazama, akatazama pazia, akalitambua. Ubao ukagongwa mara mbili.

Alishtakiwa kwamba lori lake lilipeleka sukari porini. Lori lake lilikuwa halijatoka uani tangu mfungo. Nililia kwa Bwana Afisa, naye pia alikuwa amekaa kwenye ngazi za ukumbi karibu kulia.

"Walisema wanaazima kwa siku chache," alirudia. "Nilisaini. Walisema ni kuazima."

Nilimweleza ayeyo kila kitu, hata habari ya kupinda. Hakunikaripia. Aliuliza swali moja.

"Huyo aliye nyuma ya pazia ni Mwislamu?"

"Lazima ni mtu wetu. Asingekuwa mtu wetu angewajuaje watu?"

"Basi salamu ni sunna," akasema ayeyo, "lakini kuijibu ni faradhi."

Akajitanda nguo yake, akaenda mtoni kuchota maji ambayo hatukuyahitaji. Wanawake wote wa mji walikuwa wakipita mtoni.

Siku ya pili ya kupitisha watu, mwanamume wa kwanza aliingia, akasimama mbele ya pazia, akasema kwa adabu, "Assalaamu alaykum." Kimya. Ubao ukagongwa mara moja. Wa pili akasema, "Assalaamu alaykum warahmatullahi." Kimya tena, ila pazia likatikisika kidogo. Wa tatu akaongeza baraka na kuuliza habari za nyumbani.

"Wanasema nini?" akaniuliza yule mtu wa usalama.

"Wanasalimia."

"Wanamsalimia nani?"

"Pazia."

"Kwa nini?"

"Ni adabu, bwana."

Alifikiri. Nilimwona akitafuta katika kichwa chake sheria ya hali ya hatari inayokataza kusalimia kitambaa. Hakuipata. Foleni ikaendelea, na kila mtu akasalimu, na kila salamu ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia. Nyuma ya pazia ubao ulianza kugongwa ovyo: mara moja, mara tatu, kisha nusu mara. Koplo, aliyekuwa amewekwa mlangoni, alitazama viatu vyake huku mabega yanatikisika.

Akaingia mzee mmoja kipofu, akiongozwa kwa mkono. Amri ilisema kila mwanamume, na kipofu ni mwanamume. Hakuwa ameambiwa lolote, maana hakuwa na mwanamke nyumbani wa kwenda mtoni. Alisimama, akainamisha sikio.

"Nasikia mtu anapumua hapa," akasema. "Assalaamu alaykum, mwanangu. Umeamkaje? Watoto hawajambo? Mbona unahema hivyo, unaumwa?"

Na pazia, lililolelewa vizuri, likajibu:

"Wa alaykumu salaam, adeer."

Adeer ni baba mdogo, au mzee yeyote unayemheshimu kama baba. Lilitoka wazi, kwa sauti ambayo kila nyumba ya Garissa iliisikia kila asubuhi ya Mungu. Alikuwa muuza maji, yule aliyepita na punda wake akiita kutoka mtaa hadi mtaa.

"Aa, ni wewe," akasema yule kipofu kwa furaha. "Leo hukutuletea maji."

Shughuli ilifungwa asubuhi ileile. Mpelelezi mwenye sauti inayojulikana na mji mzima hana kazi tena, na waliokuwa wametajwa na ubao wake wakawa mzigo kwa waliowakamata. Yule mpole alilitazama pazia, akanitazama mimi, akaondoka bila kuuliza.

Adhuhuri muuza maji alibisha kwetu. Hakuwa na pengine pa kwenda: serikali haikumtaka tena, na watu wa porini wangemtaka sana. Nilichukua mchi mkononi. Nilitaka kumpasua kichwa, nasema kweli, na nilikuwa na nguvu za kutosha. Alipiga magoti mlangoni, akasema walimchukua mdogo wake, wakamwambia atatoka akigonga ubao, na kwamba hakujua agonge kwa nani, basi aligonga kwa waliokuwa wamekataa kununua maji yake.

Nilimkumbuka mume wangu akibishana naye kisimani juu ya maji yenye matope.

"Mwache aingie," akasema ayeyo.

"Huyu?"

"Wewe ulitoboa, yeye akachungulia. Weka mchi chini, tunywe chai."

Tulikunywa. Ilikuwa chai mbaya kuliko zote nilizowahi kunywa, na niliipika mwenyewe. Ayeyo alikuwa na jamaa Ijara ambao wangeweza kumpokea, lakini hakuna aliyesafiri bila barua ya polisi. Nikaenda kwa koplo kizuizini.

"Anakwenda kufanya nini Ijara?" akauliza, kalamu mkononi.

"Kunyamaza," nikasema.

Alifikiri kidogo, akaandika: matibabu ya koo. Akagonga muhuri.

Bwana Afisa alihamishwa kabla ya mvua. Alijaribu kunieleza kwamba katika lile jumba la jijini mambo kama haya hayajawahi kutokea, akakwama katikati, labda kwa kukumbuka alivyokuwa akifagia amegeuza uso. Aliomba radhi kwa ayeyo, naye akamwombea dua ndefu ambayo sikuitafsiri, na safari hii ilikuwa dua kweli. Ukumbi ukajazwa mahindi ya msaada. Amani ilipokuja wakatoa mahindi wakaweka madawati, na sasa kuna duka la simu. Nasikia jijini lile jumba lingali na viti vyekundu.

Mume wangu alirudi baada ya wiki nyingi, amekonda, ndevu zimemfika kifuani. Nilimwekea chakula, nikakaa mbele yake. Nilikuwa nimeazimia nimwambie kabla hajamaliza kula, maana akishiba nitaogopa.

"Lile pazia," nikasema. "Nililishona mimi."

"Najua. Nilikuwa nimesimama pale."

"Nikalitoboa matundu, tena nikayapinda."

Akaacha kutafuna. "Uliyapinda?"

"Kwa uzi wa rangi ileile."

Alinitazama kwa muda, na sikujua uso ule utaelekea wapi.

"Huko ndani," akasema, "tulibishana siku nyingi kama yule mtu alikuwa akituona au alikuwa akigonga tu. Mimi niliapa kwamba hakukuwa na matundu. Nilisema nina macho mazuri, ningeyaona." Akashika tena tonge. "Kumbe waliyacheka macho yangu bure."

Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuuliza. Alikula chote nilichompa, akaomba kingine. Kesho yake alfajiri alikwenda uani kutazama kama lori bado lina betri. Halikuwa nayo.